Gari la Kwenda kwa Bibi

Kifuniko cha chupa ya chai kilikwaruza gizani nilipokuwa nakikaza, alfajiri, na binti yangu Tusekile akaamka.

"Mama, leo ndiyo kwa Bibi?"

"Leo ndiyo. Vaa sweta, Tukuyu kuna baridi."

Siku hizi gari halikupeleki mbali ila kwa ndugu aliye hai, na gari lenyewe ndilo linalojua nani yu hai. Mimi nimebaki na mama tu. Anaumwa, na hajawahi kumpakata mjukuu wake. Jana alinitania kwenye simu: "Mlete huyo mke mwenzangu, au unaogopa tutagombana?"

Gari lilipanda mlima Kitonga kama liko tambarare, magurudumu yote manne yakivuta, viti laini kama kitanda. Tusekile aliimba njia nzima, amekumbatia doti ya khanga tunayompelekea Bibi.

Tulipoipita Makambako, gari lenyewe likapunguza mwendo, likageuka taratibu, likaanza kurudi tulikotoka. Nikabonyeza jina la mama kwenye skrini ya gari. Nikabonyeza tena. Simu yangu ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa amenipigia.

Tusekile akapiga magoti kwenye kiti, akatazama dirisha la nyuma.

"Mama, kwa Bibi ni kule."