Msonobari Uliovua Nguo

Tulieni niwape ya Nungunungu, mjuaji wa msituni.

Yeye na Kindi waliishi kwenye msonobari mmoja, mmoja chini, mwingine juu. Baridi ilipoingia, majani yake membamba kama sindano yakageuka manjano, yakapukutika yote.

"Oya, mti umekufa huu!" Nungunungu akasema. "Naanza kula gome."

"Acha pupa, kaka. Koni za mbegu bado zipo, na kila tawi lina vifundo vyenye utomvu. Umelala tu."

"Msonobari gani unavua nguo? Misonobari yote huwa kijani mwaka mzima. Usinifundishe mie!"

Akaguguna gome, akauzunguka mti mzima.

Joto liliporudi, kila kifundo kikatoa kishada cha majani laini kama manyoya ya kifaranga. Nungunungu akafurahi mpaka akacheza. Lakini mti uliochunwa gome pande zote hauponi. Majani yakanyauka, na safari hii mti ukafa kweli.

Kindi akafunga virago. Pale pale mwiba ukamdondoka Nungunungu mgongoni, kama miiba yake inavyodondokaga kila mara ili mwingine uote.

"Na wewe ndo umekufa, kaka?" Kindi akamuuliza, akaenda zake.

Nungunungu akauokota ule mwiba, akauchomeka chini ya mti aliouua, kama alama ya kaburi.