Chupa Iliyokataa Kuwaka

Asubuhi ile fundi wa maabara alijifungia kwenye chumba cha giza, akaikodolea macho chupa moja ndogo. Ndani mlikuwa na maji ya kisima kipya cha dada yake, kilichochimbwa nyuma ya kiwanda cha betri. Alikuwa ameyachanganya na bakteria.

Bakteria wenyewe ni wa kutengenezwa. Wamepewa jeni ya kuwaka, halafu kipande kidogo cha RNA cha kuiziba mdomo. Maji yakiwa na sumu, kile kipande kinaachia na chupa inawaka kijani. Yakiwa safi, kinabana, unabaki mwanga hafifu tu, maana mdomo wa jeni hauzibiki wote.

Chupa ilikuwa giza totoro. Siku tatu alikuwa anaomba iwe hivyo.

Simu ikaita.

"Mdogo wangu, wadudu wako wanasemaje? Bomba limekauka tangu juzi, watoto midomo imewapasuka."

"Wamenyamaza ji, dada. Sijawahi kuona kimya hivi."

"Si nilikwambia! Ulivyonitisha na hicho kiwanda, nusura nihame." Dada akacheka mpaka akakohoa. "Ngoja niwape wanao wanywe, wananivuta gauni hapa."

Fundi akatoka anatabasamu. Mwenzake, waliyemwita Miwani, akamwangalia.

"Leo jino nje. Umeposwa?"

"Maji ya dada. Hata cheche hakuna."

"Hata ule mwanga hafifu?"

"Hata huo."

Miwani alikuwa mtu wa mzaha kutwa nzima, msibani angekuchekesha. Sasa mzaha ulimwisha. Alichukua tone moja kwenye ile chupa, akaliweka chini ya hadubini, akatazama muda mrefu. Halafu akainuka taratibu, akampisha kiti.

"Hebu angalia mwenyewe."

Fundi akainama. Bakteria walikuwa tele, wamezagaa kama punje za mchele uliomwagika. Siku zote huwa wanahangaika huku na huko, utadhani siafu. Hakuna aliyejongea. Wote walikuwa wamekufa, hata muda wa kuwaka hawakuupata.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kisha akaandika, vidole vinakosea herufi: "Dada mwaga hayo maji. Wanangu wasinywe."

Ujumbe ukafika. Dada hakujibu.