Siwema Harudi Kwao

Mchezo wa redio uliisha Siwema akiwa amehama kwao kwa aibu. Zamda na shoga yake Lulu wakaendelea kumtungia maisha kwa kuandika kwa zamu kwenye simu, Lulu akimsuka Zamda. Kila Lulu alipomrudisha nyumbani, Zamda alifuta, akampeleka mbali zaidi.

“Muache arudi, shoga. Kosa lake kuvunja uchumba tu.”

“Tu? Alimwacha mtoto wa dada yake kisimani, akaenda kupiga soga. Wakamwopoa jioni.”

Vidole vya Lulu vikasita kwenye nywele. “Hayo hayakuwemo redioni.”

 Lulu akachukua simu, akaandika: *Dada yake akafungua mlango.*

Zamda alisoma, kisha akafuta herufi moja moja kutoka mwisho, mpaka yakabaki maneno mawili: *Dada yake*.