Alama Zilizokatwa kwa Wino Mwekundu

Msahihishaji wa vitabu alikuwa amekata T_T ya kumi na moja mpwa wake alipoinama mezani.

"Shangazi, hilo si kosa la uchapaji."

Msahihishaji alizoea kuchapisha ujumbe wa bintiye aliye masomoni ng'ambo, kuusahihisha kwa wino mwekundu na kumrudishia picha yake. Ulikuwa utani wao wa siku nyingi.

"Ni nini basi? Sura za kwenye ujumbe nazijua mimi. Nukta mbili na mabano, unalaza kichwa, unauona mdomo."

"Hizo ni zetu. Huko aliko hawalazi kichwa, wanatazama macho." Akagusa karatasi. "Haya yamefumbwa. Mistari inayoshuka ni machozi."

Msahihishaji akafunua karatasi ya kwanza, ya miezi mitano nyuma. *Niko salama, mama T_T.* Pembeni alikuwa ameandika: "Haina kazi. Ondoa."

"Labda ni mzaha, Shangazi. Wengine huiweka hata wakikosa basi."

"Na wengine?"

 Msahihishaji akafunika kalamu, akavuta simu, akapiga.

Ikapokelewa kabla ya mlio wa pili.