Mama Kando ya Kaburi

"Hiyo usiiuze!" Gaudensia alipiga kelele, ingawa hapakuwa na mnunuzi hata mmoja.

Alikuwa amekuja soko la Walthamstow kutafuta viazi vitamu, Jumamosi yake ya kupumzika baada ya wiki nzima ya kuwaogesha wazee wa watu huko Edmonton. Sasa viazi vilikuwa vimetawanyika chini na yeye ameng'ang'ania fremu ya picha kwenye meza ya mtu asiyemjua.

"Polepole, dadangu, hicho kioo," alisema mwenye meza. Huyu alikuwa Zein, kijana wa Mombasa aliyekuwa akizunguka nchi za milimani na kamera yake, kisha anarudi London kuwauzia Wazungu picha za ukungu, kana kwamba wao hawana wa kwao.

Picha ilikuwa ya Umatengo, kule kusini mwa Tanzania. Vilima vimechimbwa mashimo ya kilimo cha ngoro mpaka kileleni, na mahindi machanga yanachipua pembeni mwa mashimo. Mbele, upande wa kulia, mwanamke mzee ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, anafuta msalaba kwa kitambaa.

"Huyu ni mama yangu," alisema Gaudensia.

Alicheka, akalia, akacheka tena. Miaka mingi hakuwa ameuona uso huo. Baba alipofariki hakwenda kumzika, kwa sababu kesi yake ya ukaazi ilikuwa Home Office na kama angetoka asingeruhusiwa kurudi. Tangu hapo mama hakuzungumza naye. Mama hakuwa na simu yake mwenyewe. Simu ilikuwa ya Telesphor, mdogo wake Gaudensia, na kila alipopiga jibu lilikuwa lile lile. Mama hataki. Mama bado ana hasira. Wewe tulia huko, dada, hata lile shamba la kahawa alilokuachia baba nalitunza mimi.

Basi alitulia. Lakini mwezi uliopita makaratasi yake yalitoka, na nauli alikuwa nayo. Alitaka jambo moja tu duniani: kwenda kupiga magoti mbele ya mama yake asamehewe.

"Ulimpiga picha lini? Ni mzima? Anatembea vizuri?"

Zein alianza kuokota viazi. Aliokota kimoja kimoja, bila haraka, na Gaudensia akaelewa kabla hajaambiwa.

"Hii ni ya mwaka juzi, dadangu. Mwaka huu nilirudi kumpelekea nakala yake. Wakaniambia mamako amefariki."

Gaudensia aliketi juu ya kreti tupu. Kwenye meza ya pili watu waliendelea kubishania bei ya nyanya.

"Alikwambia nini?" aliuliza hatimaye.

"Kidogo tu. Hakutaka nisogee pale, nikampiga kwa mbali, halafu akanikaribisha uji. Majirani walisema kila asubuhi lazima awe kaburini. Mwenyewe aliniambia moyo wake umelala pale. Akasema waliweka nguo zake nzuri mle ndani."

"Koti la baba la Jumapili," alisema Gaudensia. "Alilipenda sana. Na mimi? Alisema ana binti Ulaya?"

Zein alifikiri. Alionekana kutamani kusema uongo. "Hapana, dadangu. Alikuwa na habari za huyo wa kaburini tu."

Hakukubali kupokea hata senti. Aliifunga picha kwa gazeti, kisha akamtumia ile halisi kwenye simu, isiyopunguzwa, akamwambia akiikuza ataona mpaka nyuzi za kanga ya mama yake.

Kituoni, akisubiri basi, Gaudensia alimpigia Telesphor.

"Teles, mama amekufa?"

"Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza, dada. Nilijua utaumia. Lakini usije. Utakuja kumwona nani sasa?"

"Alinisamehe? Hata siku ya mwisho?"

"Nisikudanganye," alisema Telesphor. "Jina lako hakutaka litajwe ndani ya nyumba. Mtu akilitaja, anainuka anatoka nje."

Gaudensia alikata simu. Alipanda basi la Edmonton akaketi juu, kiti cha nyuma kabisa, asionwe na mtu. Hakuwa na pa kwenda tena. Miaka yote hiyo alikuwa akitayarisha maneno ya kumwambia mama, ameyapanga na kuyapangua, na sasa hayakuwa na wa kuyasikia.

Aliifungua picha kwenye simu. Aliukuza uso kwanza. Mama alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Kisha akaikuza mikono, na hapo ndipo alipolia kwa sauti. Mikono ile ilikuwa inaufuta msalaba taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Upendo wote alionyimwa yeye ulikuwa pale. Alilionea wivu lile kaburi, na papo hapo akaona aibu, mtu mzima kumwonea wivu baba yake mwenyewe aliyekufa.

Angalau amwombee baba, aliwaza, maana kaburi lake hakuwahi kuliona. Alifanya ishara ya msalaba, akasogeza picha kidogo kwa kidole, akaikuza zaidi asome walivyomwandika msalabani.

Maandishi yalikuwa ya rangi nyeupe, kwa mwandiko wa Telesphor, ule ule wa kulalia kushoto aliomfundisha yeye mwenyewe walipokuwa watoto.

GAUDENSIA NDUNGURU. AMEFIA LONDON.