Bembea Mbele ya Dishi

Kila Bi Mashavu alipozungumza kwa simu na bintiye Salha, aliyefanya kazi katika nchi ya barafu, sauti ilizama kwenye mvumo. Simu za mji ule zilipitia dishi moja kubwa lililoitazama setilaiti. Lilisimama nyuma ya ua wake, karibu na bembea ya chuma ambayo marehemu mumewe alimtengenezea Salha utotoni.

Asubuhi moja ya ukungu, fundi Makame alikuja na kifaa cha kutafuta chanzo cha mvumo. Alipokisogeza kwenye bembea, kikapiga kelele.

“Ni hii, mama.”

“Bembea? Mbona haina hata umeme?”

“Haina. Lakini viungo vyake vimeshika kutu. Mawimbi ya dishi yakigonga hapo yanachanganyika, yanarudi yakiwa kelele, yanamfunika mwanao.”

Bi Mashavu aliushika mnyororo. Kwa miaka mingi alikuwa akiisukuma bembea hiyo tupu jioni, akiona miguu midogo ikipaa.

“Haya, ifungue,” akasema, akageukia ukuta hadi nati ya mwisho ilipoachia.

Baadaye simu iliita. Safari hii hakukuwa na mvumo wowote.

“Mama, leo unanisikia?”

“Nakusikia kama umo chumbani.”

“Basi msikilize huyu. Kila siku nakwambia habari zake, husikii.”

Mtoto mchanga akalia, wazi kabisa, kana kwamba anashuka kutoka mawinguni. Bi Mashavu aliinua uso kwenye ukungu, akabana simu begani, akakunja mikono kifuani taratibu, kama aliyepokea kitu chepesi kinachopumua.