Aliyebonyeza

Kwa siku tatu Bi Sharifa hakuzungumza na mumewe. Kompyuta anayochorea kanga ilijaa mistari ya kijani tangu Mzee Haruni alipoiwekea mfumo mpya wa uendeshaji, na humo ndani ndimo ulimokuwa mchoro wa kanga ya harusi ya binti yao, Tatu.

Siku ya nne waliipeleka pamoja kwa fundi Deogratias. Aliichunguza, akatikisa kichwa.

"Mfumo mpya hauelewani na kadi ya picha," alisema. "Waliotengeneza mfumo wanawalaumu wa kadi. Wa kadi wanawalaumu wa mfumo."

"Na huyu aliyebonyeza?" Bi Sharifa aliuliza bila kumtazama mumewe.

"Mama, yeye alibonyeza alichoambiwa na mashine."

Mzee Haruni aliinamia kofia aliyoipakata. "Nilikuwa nakuona unavyohangaika kuisubiri iwake, mama Tatu," alisema polepole. "Nikasikia huu mpya ni mwepesi. Nilitaka ukiamka uikute inakwenda mbio."

Fundi alirudisha mfumo wa zamani, akaiwasha kompyuta upya. Mchoro ukatokea: maua ya mkorosho yamezunguka pindo, na chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, nafasi ya maneno, bado tupu.

Bi Sharifa aliutazama. Kisha akavuta kiti kando yake.

"Sogea hapa, baba Tatu. Tumwandikie nini mtoto?"

Mzee Haruni akavaa miwani, akasogea mpaka mabega yao yakagusana. Kwenye ile nafasi nyeupe, kialama cha kuandikia kilikuwa kikiwaka na kuzima, kikiwangoja.